Kiti Kilichotazama Dirisha

Chuoni tulifundishwa kupanga viti kabla ya kufundishwa kusikiliza. Viti viwili vya kimo kimoja, bila meza katikati, vimegeuziana upande kidogo. Mshauri aketi wima, amwelekezee mteja kifua, ainame mbele kidogo, amtazame machoni bila kumkodolea. Mwalimu wetu kule Nairobi alitufanyisha mazoezi hayo wawili wawili, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi migongo ikatuuma. Mimi niliyaendeleza hata nyumbani Machakos, mbele ya kioo cha kabati, na hapo ndipo nilipogundua kwamba uso wangu una kasoro. Nikijaribu kuonyesha huruma, nilifanana na mtu anayeumwa na tumbo. Nikijaribu kutulia, nilionekana nimechukizwa.

Nilikuwa na shahada ya kwanza na nimefundisha shule ya upili kwa muda, kisha nikaacha kazi hiyo na kuingia masomo ya uzamili ya ushauri nasaha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na watu wengi kwetu waliposikia ushauri nasaha walifikiria kupimwa virusi vya Ukimwi. Shangazi yangu aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba ninasomea kazi ya kuwapa watu habari mbaya. Sikumlaumu. Hata mimi sikuwa na hakika ninasomea nini. Kila nikipanda basi kurudi nyumbani nilijiuliza kama mtu anayeogopa kuagiza chai hotelini anafaa kuachiwa huzuni ya mtu mwingine.

Ili nihitimu nilitakiwa kukaa na wateja halisi chini ya msimamizi. Zahanati moja ya mjini ilikubali kunipa chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Kilikuwa na dirisha moja kubwa lililotazama milima ya Iveti, na harufu ya dawa ya kunguni ambayo hata nikifungua dirisha kutwa nzima haikutoka. Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo, Mwislamu wa hapo hapo mjini ambaye babu zake walikuja kutoka pwani na kufungua duka karibu na soko. Alikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kusomea ushauri. Kila wiki nilimpelekea kaseti ya mazungumzo, kama mteja alikubali kurekodiwa, naye aliisikiliza akiwa amefumba macho na buibui lake limekunjwa magotini, huku mimi nikitazama uso wake kutafuta alama zangu.

Mama mmoja wa kijiji cha Kola alitumwa kwangu na daktari. Alikuwa anaumwa na kichwa na hapati usingizi, na vipimo vyote havikuonyesha kitu. Daktari alinisimamisha kwenye ushoroba akaniambia kwa kifupi: binti yake alifariki mwaka uliotangulia, na tangu mazishi hajamwona mjukuu aliyeachwa. Zungumza naye, akasema, kisha akaenda zake.

Aliingia akiwa na kiondo begani na leso mbili, moja kiunoni na nyingine mabegani. Alikuwa wa umri wa mama yangu. Aliketi kwenye kiti nilichompangia, nami nikamweleza mambo ya siri na ya kaseti, tukichanganya Kikamba na Kiswahili. Alikubali yote bila wasiwasi. Kisha, kabla sijauliza swali langu la kwanza, akauliza lake.

"Wewe ni wa kwa nani?"

Darasani tuliambiwa mshauri hajizungumzii. Mteja akiuliza habari zako, mrudishie swali kwa upole, mwombe aeleze kwa nini jambo hilo ni muhimu kwake. Nilijiona nikisema maneno hayo kwa mama wa Kola, nikamwona akichukua kiondo chake na kuondoka. Nikajibu. Nikamtajia baba yangu na ukoo wetu. Akauliza kama nimeoa. Nikasema bado, ila nimeshapeleka ntheo, wale mbuzi wa kwanza ambao kwetu ndio hufungua njia ya ndoa. Akauliza wapi. Nikasema upande wa Katelembo. Akauliza mama ya huyo msichana ni wa ukoo gani, nami nikamwambia hilo pia, nikijua kila jibu linaniondolea alama.

Kisha akasimama, akashika kiti, akakiburuta na kukizungusha hadi kikatazama dirisha. Akakaa akinipa mgongo, akaweka sawa leso ya mabegani.

"Haya. Uliza."

Niliuliza, lakini sauti ilinitoka nyembamba. Kichwa kilianza lini? Baada ya mazishi. Usingizi? Hakuna. Chakula? Kidogo. Alilijibu dirisha, si mimi. Muda ulipoisha alipita kando ya ukuta kana kwamba katikati ya chumba kuna shimo, akatoka bila kunipa mkono.

Wiki hiyo niliipitisha vibaya. Nilifikiria shati langu, lililokuwa na kola iliyochakaa. Nilifikiria pumzi yangu, kwa kuwa nilikuwa nimekula mahindi na maharagwe yenye vitunguu vingi. Nilisoma upya sura ya kitabu inayoeleza ukinzani wa mteja, nikaona kila sentensi inamhusu yeye, na nilipoirudia nikaona kila sentensi inanihusu mimi. Kisha nikaanza kuwaza kwamba labda alijua jambo baya kuhusu jamaa za mchumba wangu. Sikuweza kumuuliza mchumba, maana ya wateja ni siri, kwa hivyo Jumapili mchana nilimtazama tu tukila, hadi akaniuliza kama ana kipande cha sukuma wiki kwenye meno.

Mtu wa kwetu atashangaa kwamba sikuelewa. Lakini mimi ni Mkamba wa nyumba za kupanga za mjini, mtoto wa walimu wawili. Nilijua kwamba mama ya mchumba wangu sitampa mkono wala kukaa naye meza moja. Nilikwisha fundishwa hivyo, na nilitii kama mtu anavyovua kofia akiingia kanisani. Sikuwahi kufikiri kwamba heshima hiyo ingeweza kunifuata hadi kazini, ikakaa kati yangu na mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Msimamizi alisikiliza kaseti, akairudisha nyuma, akasikiliza tena mahali pale pale.

"Hapa, kabla kiti hakijaburutwa, mlikuwa mwasema nini?"

Nikamwambia tulikuwa kwenye mambo ya koo. Nikaongeza kwamba sikupaswa kujibu, ninajua, na kwamba mama huyo amenikataa, na kwamba pengine ni ukinzani, na nikataja kitabu na sura. Aliningoja nimalize. Nikamwambia pia kwamba bila kumwona macho sijui namna ya kufanya kazi.

"Kwani wewe wasikia kwa macho, mwanangu?"

Aliniambia kwamba yeye kazaliwa na kukulia katikati ya Wakamba na anakisia kilichotokea, lakini hatanieleza, kwa sababu maneno hayo ni ya yule mama. Nimuulize mwenyewe. Nimuulize kama mtu, si kama mtahini. Na kama anataka mshauri mwingine, yeye msimamizi yuko tayari kumpokea.

Nilikuwa nimeamua kwamba mama huyo asiporudi nitakwenda kwa mwalimu mkuu wa shule yangu ya zamani kuomba darasa. Siku ilipofika nilivaa shati jipya. Nilivipanga viti kama kitabu kinavyotaka, nikavipangua, nikavipanga tena. Alipoingia hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake, akakigeuza mwenyewe, akakaa.

Nikamwambia mgongo wake: "Mama, ulipogeuza kiti juzi nilifikiri nimekukosea. Nilikukosea?"

"Hujakosea." Akaweka kiondo sakafuni. "Mama ya msichana wako ni wa ukoo wetu. Huyo ni dada yangu, hata kama hatujawahi kuonana. Sasa wewe ni mkwe wangu. Nitakutazamaje machoni nikitoa mambo ya nyumba yangu?"

Nilihisi masikio yakipata moto. Wiki nzima ya kola na vitunguu, na jibu lilikuwa hilo. Kikamba kina neno lake, nthoni, na neno hilo hubeba aibu na heshima kwa pamoja. Nilimweleza kwamba kuna mshauri mwingine, mwanamke, mtu mzima, na kwamba akienda kwake mimi sitaumia. Nilisema hivyo kwa haraka sana, kama mtu anayetaka kuumia mapema amalize.

Alilifikiria jambo hilo akitazama mlima.

"Huyo ni mama kama mimi," akasema. "Atanionea huruma, tulie pamoja, niende nyumbani. Mimi niko na kitu nataka kuambia mkwe."

Ndipo akaanza. Binti yake aliolewa na kijana anayefanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya Mlolongo. Walipata watoto wawili, wote wasichana. Wa kwanza alipewa jina la mama ya baba, kama desturi inavyotaka, na alikuwa akilelewa huko huko kwa bibi yake. Wa pili alipata jina lake yeye, mama ya mama. Kwa hiyo mtoto yule ni yeye mwenyewe aliyezaliwa tena, na binti alipokuwa hai alimwita mtoto wake "mama". Kisha binti akaugua, akafa, akazikwa. Mtoto akabaki Mlolongo na baba yake.

Baada ya kupita muda bila habari, mama alijaza kiondo ndengu na mapapai akaenda. Alijua jengo. Hakuwa amewahi kupanda juu, kwa sababu binti alipokuwa hai yeye ndiye aliyeshuka kumlaki mama yake. Mkwewe alikuwa amepanga chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia, jiko mlangoni. Mama mkwe hawezi kuingia chumba anacholala mkwewe. Hilo alilijua akiwa njiani, na bado alikwenda, akidhani Mungu atampa njia akifika. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya mwisho. Akamwona mkwewe akitoka mlangoni na beseni la nguo. Mkwe naye akamwona. Na mara hiyo hiyo akasukuma mlango wa jirani, akaingia, akaufunga.

"Nilisimama hapo na kiondo," akasema. "Kila mtu anapita ananiambia karibu mama, karibu mama. Nikashuka. Mapapai nilirudi nayo mpaka Kola yakaozea kwa nyumba. Tangu siku hiyo silali. Najiuliza, huyu kijana alijificha kwa heshima, ama alijificha kwa sababu hataki kuniona?"

Kaseti ilikuwa ikizunguka ndani ya redio, kwenye meza ya pembeni. Nililiona jambo waziwazi, na kwa kuwa nililiona waziwazi niliogopa kulisema. Mshauri hajizungumzii. Mshauri hatoi jibu. Nilijua msimamizi atasikia kila neno. Nilifikiria njia ya kulisema kwa swali, kisha njia ya kulisema kwa swali fupi zaidi, na wakati nikifikiria hivyo mama wa Kola alikuwa amekaa na mgongo wake mwembamba akingoja.

"Mama," nikasema, "mimi nimekaa wiki nzima nikifikiri unanichukia. Kumbe ulikuwa unaniheshimu."

Kaseti ilifika mwisho, kitufe kikaruka. Nilitaka kuinuka niigeuze, nikaona nitavunja kimya, kisha nikaona nisipoigeuza sitakuwa na la kumpelekea msimamizi, kisha nikaacha. Mabega ya mama yalianza kutikisika. Nilifikiri analia, nikatafuta kitambaa cha mkono, halafu nikasikia kwamba anacheka.

"Wiki nzima?"

"Wiki nzima. Hata shati nimenunua lingine."

"Woi, maskini," akasema, na hapo kicheko kikageuka kilio, au vilikuwa pamoja. Sikuweza kuvitenganisha kwa kutazama mabega.

Kuna mbinu tuliyofundishwa inayotumia kiti kitupu. Mteja hukiweka mbele yake, akazungumza nacho kana kwamba mtu aliyemuumiza ameketi hapo. Nilikuwa nikiitamani sana mbinu hiyo, na usiku wa kuamkia mkutano wa tatu nilikuwa nimepanga maneno ya kuianzisha. Sikuyatumia. Mama wa Kola aliingia, akaketi akitazama Iveti, akajifunga leso vizuri, akasema: "Leo usiniulize. Leo nisikilize tu, wewe ni mkwe."

Akamwambia mkwewe. Alimwita hivyo, mkwe wangu, kwa sauti ya chini ya mtu anayezungumza kupitia ukuta. Alimwambia hakuja kumlaumu. Alimwambia aliona mazishini jinsi alivyoshikiliwa na wenzake asianguke kaburini, na kwamba mtu anayeanguka hivyo hawezi kuwa ndiye aliyemuua binti yake, ingawa baadhi ya watu walisema hivyo. Alimwambia hataki kumnyang'anya mtoto. Anataka tu kumwona, kwa sababu mtoto huyo ndiye jina lake, na amebaki mzee asiye na jina. Alimwambia ana kuku anayetaga nyuma ya jiko na hakuna wa kuokota mayai. Alisema mambo madogo madogo ya namna hiyo, mengi. Nilikaa nimeinama kwenye kiti changu, mikono kati ya magoti, kinyume na kila nilichofundishwa. Sijui uso wangu ulikuwaje. Hakuna aliyeuona, na kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo sikuwa na habari nao.

Alipomaliza akauliza, safari hii akiniuliza mimi, maneno hayo yatamfikiaje yule kijana. Nilimrudishia swali, na kwa mara hii moja kitabu kilikuwa sahihi, kwa sababu jibu alikuwa nalo. Ana mdogo wake wa kiume, mjomba wa marehemu. Mjomba anaweza kuingia mahali ambapo mama hawezi. Angemtuma Mlolongo siku ya Jumapili, wakati machimbo yamefungwa.

Nilimpelekea msimamizi kaseti ya mkutano wa pili, iliyokatika katikati ya mazungumzo. Aliisikiliza hadi pale kitufe kinaporuka, akafumbua macho, akaniuliza baada ya hapo kulikuwa na nini. Nikamweleza. Nikakiri kwamba nilijizungumzia. Aliniuliza kama nilisema vile ili mama ajisikie vizuri au ili mimi nijisikie vizuri. Nikamwambia sijui, labda vyote viwili. Akasema hilo ni jibu linaloweza kufanyiwa kazi, akanipa chai ya tangawizi.

Jumapili ile nilikuwa mtu wa ajabu nyumbani. Kila baada ya muda niliwaza mjomba amefika kwenye mizani ya malori pale Mlolongo, amefika kwenye jengo, anapanda ngazi. Nilimwona akikuta chumba kitupu. Nilimwona akifukuzwa. Na ikiwa amefukuzwa, mimi ndiye niliyesema neno heshima, mimi ndiye niliyemfanya mama atumaini.

Mama alirudi siku yake ya kawaida na kuanza kuongea hata kabla hajakaa. Mjomba alimkuta kijana anafua. Kijana alisikiliza ujumbe akiwa na povu mikononi. Siku ile ya ngazi, alisema, aliingia kwa jirani ili mama apite, aingie chumbani peke yake akae na mtoto, na yeye ashuke chini asimzuie. Alingoja nyuma ya mlango. Jirani hata alimpa chai. Alipotoka hakukuta mtu, wala kiondo, akaamini kwamba mama amefika mlangoni na kukataa kuingia nyumba aliyofia binti yake. Tangu hapo hakuthubutu kutuma neno Kola. Alifikiri amelaaniwa.

"Sasa sisi wote wawili," mama akaliambia dirisha, "tumekuwa tukiheshimiana mpaka mtoto akakaa bila nyanya."

Walikubaliana kwamba shule zikifungwa mtoto ataletwa Kola na mjomba. Na mama akienda Mlolongo, jirani yule wa chai, ambaye ni mwanamke mjane, atampokea chumbani kwake.

Mwezi wa nane nilikuwa nimeshazoea kukipanga mwenyewe kiti chake, kimetazama dirisha, kabla hajaja. Siku hiyo aliingia akiwa na msichana mdogo mwenye gauni la kijani lililoshonwa kubwa ili akulie humo, akaketi mahali pake. Mtoto akatazama chumba, akachagua kiti kitupu kilichobaki, cha tatu, kile nilichokuwa nikikiweka mbele yangu kwa wateja wengine. Akakipanda, akaketi akiningojea. Alinitazama machoni bila kupepesa, sawasawa na mafunzo.

Mama alisema analala. Si vizuri sana, kwa sababu mtoto anapiga teke. Kichwa bado kinamuuma siku nyingine. Kuna jioni humwita mtoto kwa jina la marehemu kwa kusahau, na mtoto huitika tu, na yeye hulazimika kutoka nje kidogo. Nilimsikiliza, huku nikijitahidi kuyastahimili yale macho ya mbele yangu.

"Susu," mtoto akasema, akimwita bibi yake. "Huyu ni nani?"

"Ni mkwe."

"Mbona uso wake uko hivyo?"

Mama hakugeuka. "Uko aje? Niambie, mimi siuoni."

Mtoto alinichunguza kwa makini zaidi. "Kama wa mtu amekula ndimu."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika, na safari hii sikuhitaji kutafuta kitambaa.

Walipoondoka alipita kando ya ukuta, kama kawaida yake, uso umeelekea mlango. Alipofika kizingitini alisimama akamwambia mtoto arudi anipe mkono. Mtoto akauliza kwa nini yeye, na si susu mwenyewe.

"Jina si ni moja?" akasema mama. "Mpe."

Mtoto akarudi mbio na kunyoosha mkono. Ulikuwa unanata papai. Niliinama nikaupokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyompokea mtu mzima.